Meza ya Tata na Kola za Mbwa

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu na mabegi yaliyokatika mikanda, huwa mnaniuliza swali moja. "Nyanya, nani alikufundisha kushona ngozi?" Nikijibu kwamba ni baba mkwe wangu, mnatikisa vichwa kama watu walioelewa. Hamjaelewa. Hata mimi sijaelewa, na nilikuwepo.

Leo nitawaeleza polepole, na msinikatize. Nikipotea mahali mtanisamehe, maana mambo yenyewe yalinipoteza tangu siku ya kwanza.

Niliolewa miaka ile ya mwanzo mwanzo ya uhuru, katika boma lililo juu kidogo ya soko la Nyaramba. Mume wangu alikuwa karani kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Boma lilikuwa la wazazi wake. Baba yake tulimwita Tata, yaani baba, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Tata alikuwa amemtumikia mzungu mmoja upande wa Sotik miaka mingi, kazi yake kushona matandiko na hatamu za farasi. Mzungu akauza shamba, akaenda zake. Tata akarudi nyumbani na gunia la vyombo na ufundi wa kuvalisha farasi, na hapa kwetu farasi ni mnyama wa kwenye Biblia tu. Basi akageukia mbwa.

Jamani, nilishangaa. Kwetu mbwa alikuwa mbwa. Alilala nje, alibweka, alikula ukoko wa ugali, na akiwa mkali alifungwa kamba mchana. Sasa namwona mzee mzima, mzee wa kanisa la Sabato, amekaa barazani anamshonea mbwa mkanda wa shingo wenye chuma kinachong'aa, na mume wangu mimi anafunga suruali kwa kamba ya katani. Nikamwuliza mama mkwe, "Mama, huyo mbwa anaenda wapi na mkanda?"

"Usiniulize mimi," akasema. "Kamuulize mwenyewe."

Lakini kumuuliza mwenyewe ndiko kulikokuwa hakuwezekani. Hapo lazima nisimame kidogo, kwa sababu nyinyi siku hizi mnakumbatiana na baba wakwe zenu kwenye harusi, nami natazama pembeni. Kwetu Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamke na baba mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai karibu karibu. Yeye haingii nyumbani kwako, wewe huendi kilipo kitanda chake. Kitu hampeani mkono kwa mkono: mmoja anakiweka chini, anasogea, mwingine ndipo anachukua. Maneno ni yale ya lazima tu. Si kwamba mnachukiana. Tata alinipenda, nadhani. Mnaona? Hata hapo nimesema nadhani.

Pale barazani kulikuwa na meza yake ya kazi, mbao nene zilizojaa makovu ya visu. Kila kitu kati yangu na yeye kilipitia juu ya meza ile. Uji wake niliuweka pale, nikarudi nyuma. Kikombe kitupu nilikikuta pale pale.

Nilianzaje kushona? Kwa kufagia. Vipande vya ngozi vilianguka chini ya meza, nami ndiye niliyevifagia. Siku moja nikachukua kimoja, nikajishonea ukanda wa kubebea panga, halafu nikausahau mezani. Kesho yake nikaukuta umefumuliwa, uzi wote umetolewa na kunyooshwa. Kando yake kulikuwa na kipande kipya, kimepigwa mstari na kutiwa alama za mashimo. Nilisimama pale na ufagio wangu. Ananigombeza? Ananiambia niache vitu vyake? Au anasema nirudie, safari hii vizuri? Nikamkimbilia mama mkwe. Akaitazama ile ngozi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi nimeishi naye kabla hata ya hii barabara kuja," akasema, "na bado sijui akinyamaza ni hasira au ameshiba."

Nikashona. Nikaweka mezani. Asubuhi nikakuta imefumuliwa nusu. Nikajua ile nusu iliyobaki ilikuwa nzuri, au ndivyo nilivyoamua kujua. Tulisoma hivyo mwaka mzima na zaidi, mimi nashona, yeye anafumua, hakuna anayefungua mdomo. Siku nilipokuta kipande changu kizima, hakijaguswa, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Halafu nikaanza kuwaza, labda leo hakukiona tu.

Na kuna jambo la mkono. Mimi ni wa kushoto. Shuleni mwalimu alinichapa mpaka nikaandika kwa wa kulia, lakini sindano ilikataa kata kata. Kwa hiyo nilishona kwa kujificha, nikimpa mgongo mtu yeyote anayepita. Asubuhi moja nikakuta kisu, nta, sindano, vyote vimehamishwa upande wa kushoto wa meza. Basi, hiyo tu. Sikujua nishukuru au nione haya, na kushukuru kwenyewe ningeshukuruje? Nilizidisha maziwa kwenye uji wake. Mishono ya mkono wangu hulala upande mmoja na yake ililala upande mwingine, mtu akipitisha kidole anajua ni ya nani. Likumbukeni hilo, litarudi.

Sasa niwape kitu cha kutumia, msije mkasema Nyanya alitukalisha bure. Ngozi ya kola haikatwi tumboni mwa ng'ombe, hukatwa mgongoni. Ya tumbo huvutika. Leo inamkaa mbwa vizuri, baada ya mvua mbili tatu za hapa kwetu inaning'inia. Ngozi yetu tuliiloweka kwenye maji ya magome ya miwati wiki nyingi, mpaka ikageuka rangi ya chai ya rangi. Uzi unaupaka nta ya nyuki mpaka ukiuvuta kwenye vidole unalia. Ni sindano mbili na uzi mmoja, moja inaingia huku na nyingine kule, zinapishana ndani ya shimo moja. Ukifika mwisho, rudi nyuma mashimo matatu ndipo ukate. Mashimo yasikaribiane. Nasema tena, mashimo yasikaribiane. Na shingoni acha nafasi ya vidole viwili, kisha mpime mbwa mwenyewe.

Hili la mwisho nalisema kwa aibu. Mteja wa kwanza niliyeachiwa alikuwa mama mmoja wa misheni, mwenye mbwa mrefu, mwembamba, kichwa kidogo. Tata aliiweka kamba ya kupimia mezani akaondoka zake, yaani pima wewe. Mbwa akanitazama. Nikamtazama. Huyu mama akasema hang'ati, lakini hilo hakumwambia mbwa. Nikasema nisubiri kidogo, nikazunguka nyuma ya nyumba nikampima mbuzi wetu, nikijiambia shingo ni shingo. Kola ikatoka nzuri ajabu. Siku ya kuchukua, mbwa alivishwa, akainamisha kichwa kunusa nyasi, kola ikateleza ikaanguka mbele yetu sote.

Tata alirudi kwenye meza yake. Lakini asubuhi nilipompeleka mbuzi malishoni, nikakuta tayari ameivaa ile kola, imemkaa sawasawa kabisa. Nani alimvisha? Mama mkwe aliapa si yeye. Mbuzi aliivaa wiki nzima na majirani wakawa wananiuliza kama huyo ni mbuzi wa serikali. Nilitaka kucheka, lakini nikaogopa kwamba labda si mzaha.

Miaka ikaenda, tukaingia ile ya sabini. Wazungu walipungua lakini mbwa waliongezeka. Wakubwa wetu wenyewe walihamia kwenye zile nyumba zenye ua, na pamoja na nyumba wakarithi kupenda mbwa wakubwa. Watu walikuja kutoka Gesima, kutoka Kisii mjini, mmoja alitoka mpaka Nyamarambe, wakiuliza mzee wa kola. Hakuna aliyeuliza mwanamke wa kola, ingawa nusu ya kazi ilikuwa yangu. Walidhani mimi ni wa kuleta viti. Nami nilitaka sana, siwafichi, siku moja Tata mwenyewe aseme mbele ya mtu kwamba mimi ni fundi. Si lazima aniambie mimi. Amwambie hata mbwa.

Badala yake mishono ya Tata ikaanza kuzurura. Mwanzo nilidhani ni haraka. Halafu nikaona mashimo mawili mahali pa moja, matatu yamebanana, kisha pengo. Tata alikuwa haoni vizuri. Na mashimo yakibanana, vijana, ngozi inachanika kwenye ule mstari kama stempu za posta. Kwenye kola si hatari sana. Lakini kamba ya kumshikia mbwa, pale inapokunjwa kushika ndoano ya chuma, uzito wote wa mbwa unakaa hapo.

Ningemwambiaje? Kumwambia baba mkwe "huoni" ni kumvua nguo uwanjani. Hata mama mkwe sikuweza kumwambia. Kwa hiyo nikaanza kuiba. Mchana alipokwenda kujinyoosha, nilichukua kazi yake, nikakata sehemu mbovu, nikatoboa upya na kushona kwa mkono wa kulia, ule nisioutaka, ili mishono ilale upande wake. Jasho lilinitoka. Jioni alikuja, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akaiweka kazi mezani. Je, alijua? Kama alijua, mbona hakufumua? Kama hakujua, kidole kile kilikuwa kinatafuta nini? Nililala na maswali hayo na kuamka nayo, nikimkorogea mwanangu uji nayafikiria.

Sasa ikaja kamba ya meneja. Alikuwa meneja mmoja wa mambo ya chai, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye mbwa wa kipolisi. Tata aliishona kamba yake mwenyewe, Ijumaa, na aliimaliza alasiri. Niliitazama kwa mbali nikaona pale kwenye ndoano mashimo yamebanana kama mchanga. Nikangoja aende kujinyoosha. Hakwenda. Alikaa pale pale kwenye kigoda, kamba mapajani, mpaka jua likazama na Sabato ikaanza, na Sabato sindano haishikwi. Ningeweza kusema neno moja tu. "Tata, iache hiyo." Maneno matatu. Nilipeleka uji, nikauweka mezani, nikarudi nyuma. Nikajiambia Jumapili nitaamka mapema.

Jumapili niliamka mapema. Lakini nilianza na maji, na niliporudi kutoka kisimani na mtungi kichwani, kamba haikuwepo. Meneja alikuwa amepita alfajiri, Tata akampa. Niliushusha mtungi nikakaa juu ya jiwe. Ilikuwa heshima au ilikuwa woga? Nilijiuliza hivyo pale kwenye jiwe na sijamaliza kujiuliza.

Siku ya soko kamba ikakatika. Mbwa aliona mbwa mwingine karibu na wauza ndizi, akavuta mara moja, na ngozi ikaachia. Katikati yao alikuwapo mama mmoja muuza ndizi. Mbwa alimng'ata paja.

Kabla ya mchana meneja alikuwa kwetu barazani, ameshika kipande cha kamba, na nyuma yake watu wa soko waliokuja kusikiliza. "Nani ameshona takataka hii?" akanguruma.

Tata alikuwa kwenye kigoda, uso ameugeuzia sauti. Nilifikiri mambo mawili kwa pamoja. Akisema ni yeye, leo hii soko zima litajua mzee haoni, na jina lake la miaka yote litaishia kwenye paja la mama wa watu. Nikisema ni mimi, mimi sitagusa tena ngozi, watasema mnaona, mwanamke aliachiwa kazi ya wanaume.

"Ni mimi," nikasema.

Watu wakanong'ona. Tata akanyoosha mkono kwa meneja. "Lete."

Akapewa. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono uliochanika, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kama alivyozoea. Mishono ilikuwa imelala upande wake. Sikuwa nimeigusa hata mmoja. Nilifumba macho.

"Huyu ndiye fundi wa hapa," Tata akasema. "Mambo yako zungumza naye."

"Huyu mwanamke?" meneja akauliza.

"Nimesema fundi."

Akamrudishia kamba, akageuza uso kwenye migomba. Haya, niambieni nyinyi. Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja miaka kumi, na yalisemwa mbele ya watu, kama nilivyotaka. Lakini yalisemwa siku ambayo fundi maana yake ni mwenye makosa. Alinipa jina au alinitupia mzigo? Alinisimamisha au alijificha nyuma yangu? Nilimwambia meneja nitamshonea nyingine, na sauti yangu niliisikia inatoka kwa mtu mwingine.

Alasiri nikabeba mkungu wa ndizi mbivu kwenda kumwona yule mama, maana alikuwa ameshashonwa na kurudishwa kwao. Nikamwomba radhi. Akanifunulia jeraha mwenyewe. Niliitazama ile mishono ya hospitali na ilikuwa imeachana vizuri, sawasawa, hakuna iliyobanana. Nilipiga magoti nikalia, naye akadhani ninamlilia yeye, akawa ananibembeleza.

Kesho yake asubuhi nikapeleka uji kama kawaida. Nikauweka mezani, nikarudi nyuma. Tata alikuwa ameshika msharasi wake, kile chuma chembamba cha kutobolea ngozi, chenye mpini wa pembe, aliotoka nao Sotik. Vyombo vingine nilivigusa vyote. Huo, hapana. Hakuna aliyeugusa.

Akanyoosha mkono. Si kuelekea mezani. Mkono ulipita juu ya meza, ukaja upande wangu, msharasi umelala kwenye kiganja, mpini umeelekea mkono wangu wa kushoto.

Niliutazama mkono ule. Tangu nijue kutembea nimefundishwa jambo moja, ngoja aweke chini. Nikangoja. Naye akangoja. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jikoni akipepeta wimbi, nikasikia ungo umenyamaza. Nilifikiri, ataweka sasa. Ataweka sasa. Halafu kiganja kikainama, na msharasi ukaanguka kwenye jiwe la baraza, ncha ikapinda.

"Aa," Tata akasema.

Akachukua uji wake. Na hapa ndipo akili yangu inapokwama kila mara: alikichukua kikombe moja kwa moja, bila kupapasa. Kwa hiyo meza aliiona. Lakini alipoinuka akajikwaa kwenye kigoda chake mwenyewe. Kwa hiyo hakuwa anaona. Siku zile nilimchunguza kama mwizi. Nilisogeza kikombe huku, nikasogeza kule. Mara anakipata, mara anakikosa. Sikupata jibu lolote, nilimwagia mzee uji bure.

Hakushona tena tangu siku hiyo. Alikaa kwenye jua akitazama migomba, na wateja wakija alielekeza kwa kidevu: "Fundi yuko pale." Meneja alikuja, akaivuta kamba yake mpya, mguu ameukaza ukutani, akaondoka nayo. Tata aliishi miaka mingine mingi. Akitaka kunipa kitu alikiweka chini, akasogea, nami nikachukua. Mkono hakuunyoosha tena.

Baada ya kumzika ndipo nilipomuuliza mama mkwe. "Mama, siku ile, Tata alikuwa ananipa au alikuwa ameikosa meza?"

Alinitazama, macho yamejaa machozi. "Mbona hukushika?" akaniuliza.

Msharasi wenyewe ndio huu, ncha sikuinyoosha, na kila shimo ninalotoboa huenda upande kidogo, inabidi nilirudishe kwa kidole. Kila kijana anayekuja kujifunza hapa, kabla sijamwonyesha ngozi wala nta, namnyooshea huu mkononi. Wengine wanashika kwenye ncha wanajichoma, wengine wanashika kwa mikono miwili kama watu wanaopokea mtoto. Wameshika wote. Hakuna hata mmoja aliyeuacha uanguke.